Ukurasa Niliouruka

Papa,

Nimechoka. Naanza na hilo moja kwa moja, kwa sababu wewe ndiye ulinikataza kuanza barua na "natumaini u mzima", eti ni kupoteza wino. Na sasa wewe si mzima, kwa hiyo hata hapo tumepatana.

Habari za huku ni chache. Kaburi lako limeanza kushuka upande mmoja, pamoja na kwamba wachimbaji walipigana na yale mawe ya volkano siku mbili nzima. Mama ameacha kulia, sasa anafagia. Asubuhi anafagia, mchana anafagia, na lile vumbi jeusi unalijua, haliishi. Bado analala upande wake wa kitanda, ule wa ukutani, na blanketi yako anaikunja kila siku kana kwamba umeamka mapema kwenda shuleni. Wale waliouchukua mji bado wako hapa. Redioni bado wanasoma maneno yako, "mji umetulia, kila mtu aendelee na kazi yake", ila anayeyasoma sasa anapumua katikati ya sentensi. Ungemtupia chaki.

Jumamosi hii tunaondoa matanga, Papa. Na wameniomba nisome tena historia yako, kwa sababu siku ya mazishi mvua ilipiga bati na walio nje hawakusikia. Ndiyo maana nimekaa mezani kwako tangu asubuhi na sijaandika hata mstari.

Nikuambie ilivyokuwa siku ile. Nilisoma kwamba ulizaliwa Kalengera, ukachunga mbuzi wa babu, ukaja Goma na shati moja na kamusi isiyo na jalada. Nilisoma miaka yako ya kufundisha Kifaransa. Nilisoma michezo yako ya kuigiza, na ile siku padri alicheka katika ukumbi wa parokia mpaka kiatu kikamtoka. Watu walicheka, hata Mama alicheka kidogo. Halafu nikafika ukurasa wa tatu, nikafunua karatasi mbili kwa pamoja, nikasoma "akaugua, akaitika wito wa Mungu." Waliokuwa karibu walidhani ni upepo. Haukuwa upepo, ni mimi niliyeziruka.

Mama Vumilia alikuwa pale mlangoni. Ndiyo, jirani yetu, mke wa Déo fundi cherehani. Hakuna aliyemtarajia. Alikuja alfajiri na beseni la maharagwe na kuni zake mwenyewe, akakaa kumenya viazi pamoja na wamama wengine. Nilipomaliza aliinua kichwa, kisu mkononi, akauliza:

"Ni yote?"

Hakupaza sauti. Mimi nikakunja karatasi zangu. Akasema "haya", akaendelea kumenya. Papa, afadhali angenitukana.

Ukurasa ule unausema mwaka wako wa mwisho. Unasema wale waliouchukua mji walikuja na gari, wakakuita "muzee mwandishi", na kwamba vitabu vyako vilivyokuwa vinaliwa na panya chini ya kitanda wao walivichapisha kwa mara ya kwanza. Wakakupa ofisi, na bendera mezani. Ulituambia utakuwa pale kuwatetea watu wa mtaa. Kuna siku ulitetea kweli: katekista wa parokia, waliyetaka kumkamata, yuko nyumbani kwake leo kwa sababu yako, na hilo pia nililiandika. Nilipouruka ukurasa nililiruka na hilo.

Lakini ni wewe pia uliyeandika lile tangazo. Wanaume wa mtaa waende uwanjani na vitambulisho, wataandikwa majina tu, mchana watakuwa wamerudi kula. Déo alikuwa ameshafunga mkoba, anataka kwenda kujificha kwa dada yake kule Lac Vert. Uliposikika redioni aliweka mkoba chini. Mama Vumilia ndiye aliniambia alichosema: "Kama ni muzee ameandika, ni kweli." Akavaa viatu akaenda. Mkewe alimfunikia chakula, na mpaka leo Déo hajarudi kukifunua.

Ulisema hukujua. Nilikuona ukisema hukujua, huku unafuta miwani iliyokuwa safi. Labda ni kweli. Mimi ni mtoto wako, nataka iwe kweli, na kila nikifika hapo ninachoka zaidi.

Unakumbuka mwaka wangu wa sita wa sekondari, ulipokuwa mwalimu wangu? Ulitufundisha habari za mwandishi mmoja Mfaransa, mutu wa vitabu vizuri, ambaye vita vilipofika aliungana na waliokuja kuitawala nchi yake, wakampa cheo, akawaandikia hotuba. Ukatuuliza kama tuendelee kumsoma. Darasa zima tulipiga kelele, hapana! Mimi nilijaza kurasa nne kwamba afutwe, jina lake lisitajwe tena popote. Nilitegemea maksi zote. Ulinipa nusu, na pembeni kwa kalamu nyekundu uliandika: "Na kama angekuwa papa yako?"

Nilinuna wiki nzima. Sikukujibu, na wewe hukurudia kuniuliza.

Hilo karatasi ninalo hapa. Mama alilikuta akifagia, ndani ya sanduku la vitabu vyako. Ulikuwa umelitunza miaka yote hiyo, Papa, kwa nini? Ulipokuwa unaingia kwenye lile gari lao ulilikumbuka?

Sasa sikia. Papa mudogo, mdogo wako, amekuja kutoka Rutshuru. Anasema wakubwa wa ofisi yako watakuja Jumamosi, tayari wametuma mtu kuhesabu viti vya mbele. Wanataka nisome kwamba ulikuwa shujaa wao. Papa mudogo hataki ushujaa wala aibu, anataka nisome kama nilivyosoma mazishini, karatasi mbili kwa pamoja. "Unataka watuzike sisi wote?" ameniuliza. Si mubaya, anaogopa. Mimi pia naogopa, sijui tukishamaliza kula watakuja kunichukua ama hapana.

Jana nilimuuliza Mama. Hakuacha ufagio. Alisema, "Soma yote. Nimechoka kumukimbia Mama Vumilia ku robine." Kumbe ndiyo sababu siku hizi anakwenda kuchota maji bombani saa ambazo hakuna mtu! Miaka yote wamechota pamoja, na mimi sikuona.

Basi nakujibu, mwalimu, nimechelewa lakini nakujibu. Kama angekuwa papa yangu ningemlilia mpaka sauti ikauke, na nimekulilia. Nisingemfuta. Ningesoma kiatu cha padri, ningesoma katekista, na ningesoma uwanja. Jumamosi nitaufunua ukurasa wa tatu peke yake, viti vya mbele viwe na watu ama vitupu.

Nitaongeza mstari mmoja ambao haukuwepo. Lile koti la kijivu ulilotuomba tukuzike nalo, lenye mfuko wa ndani wa kalamu, ni Déo aliyelishona. Mkewe alilitambua ukiwa umelala ndani ya jeneza. Alikunyooshea kola, halafu akarudi kwenye viazi vyake.

Nitamsomea hilo. Kisha nitakwenda kukaa karibu naye pale mlangoni, akinipa nafasi.

Lala, Papa. Nakuahidi sitaruka kitu.

Mutoto wako,
Espérance