Kaburi Walilokuchimbia Majirani

Bapuji,

Shikamoo, baba. Najua ungekuwepo ungeitikia marahaba kwanza, halafu ungeniuliza duka limefunguliwa saa ngapi. Limefunguliwa mapema, usijali. Majembe nimeyapanga kibarazani kama ulivyopenda, na wateja wa Mtinko bado wanayagonga kwa kidole, wanasikiliza mlio, kisha wananitazama usoni kuona kama najua kazi. Nakuandikia kwa Kiswahili. Kigujarati changu ni cha sala na cha jikoni tu, na mimi na wewe tumegombana na kuchekeana kwa Kiswahili maisha yetu yote.

Nataka nikupe habari za kaburi lako. Ndiyo, una kaburi. Wewe Mhindu, mtoto wa Mhindu, una kaburi hapa Singida.

Asubuhi ile ulipoanguka kibarazani, chai yako ikiwa bado ya moto, nilichanganyikiwa kabisa. Nilimpigia Kaka Kirit kule Uingereza, tukalia, akasema hatawahi, mila ifanyike bila yeye, ila majivu yamsubiri aje ayapeleke India. Nikaanza kuhangaika na kuni za kukuchomea. Kumbe wanaume wa chama chetu cha kuzikana walikuwa wameshapita dukani, wamechukua jembe lako mwenyewe, lile lenye mpini uliong'arishwa na viganja vyako, wamekwenda makaburini. Hawakuuliza mtu. Wangeuliza nini? Kila alipokufa mtu mtaani, Mwislamu au Mkristo, ulifunga duka, ukabeba jembe lile, ukakunja suruali na kuingia shimoni pamoja nao. Mama alifia Dar es Salaam na mkamchoma hukohuko, kwa hiyo hapa mtaani hakuna aliyewahi kuona Mhindu akiagwa. Walijua tu kwamba Manu huwazika wenzake, basi naye atazikwa.

Mchana Mzee Ntandu, mwenyekiti wa chama, alikuja na udongo hadi kwenye nyusi kuniambia kaburi tayari. Alikuwa amekuchagulia mahali pazuri, jirani na marehemu mkewe. Nilipomwambia kwamba wewe unachomwa, alikaa chini akashika kichwa. "Tumekosea, mwanangu," alisema. "Manu hakuwahi kutuambia." Kisha akaniuliza kuni za namna gani zinafaa. Wanaume walewale waliotoka kuchimba ndio waliozibeba. Moto niliuwasha mimi, Bapuji, kwa kuwa mwanao wa kiume hakuwepo, na Mzee Ntandu alisimama nyuma yangu mpaka mwisho.

Likabaki kaburi. Unajua watu wetu wa hapa, kaburi likishachimbwa hawalifukii tupu, wanaogopa litamwita mwingine. Walilifunika kwa mabati na miiba mbuzi wasitumbukie, wakangoja. Hakuna aliyenisukuma, ila kila niliposalimiana na Mzee Ntandu niliona lile shimo machoni pake. Na mimi sikujua la kufanya. Majivu yako yote yakienda India, ningewaambiaje majirani wafukie hewa?

Kaka Kirit alipofika nilimweleza, akawaka. "Hata huku nako wanataka tufanane nao?" Nilimwelewa, Bapuji. Kule kazini kwake wanamwita Kit, eti jina lake gumu. Aliwahi kupeleka dengu za chakula cha mchana akaambiwa zinanuka, tangu siku hiyo anakula mikate yao mikavu. Huko kila siku wanabishana kuhusu wageni, kama waachwe na mila zao au wayeyuke wawe kama wenyeji, na yeye anakaa kimya pembeni na mkate wake kwa sababu anayezungumziwa ni yeye. Amejipunguza kidogo kidogo ili wamkubali, na bado wanamuuliza ametoka wapi. Sasa anasikia majirani wamemchimbia baba yake kaburi. Ningekuwa yeye, ningewaka pia.

Sikubishana naye. Nilimwambia tu aje nami kwenye chakula cha kuanua matanga.

Unalikumbuka sufuria lako? Lile dogo lenye uzi mwekundu kwenye kishikio, ambalo Mama Neema na wanawake wenzake wapishi wa misibani walilinunua bila kukuambia, baada ya kukuona msibani unakula ugali kwa chumvi huku wenzako wanaguguna mifupa. Miaka yote hiyo nyama haikuwahi kugusa sufuria lile. Lilikuwa linaoshwa peke yake na kuwekwa peke yake, na ole wake binti aliyechovya humo mwiko wa mchuzi wa kuku! Walikutania kila msiba. "Mzee Manu, Singida hii unaishije bila kuku?" Nawe ukawa unajibu, "Nawabakizia nyie, msije mkapungukiwa." Walicheka, wakakupakulia dengu zako.

Basi siku hiyo tulipoingia uani, Mama Neema alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye masufuria yote. Yote, Bapuji, hata lile kubwa la msikitini walilokwenda kuliazima. Hakuchinjwa hata kuku mmoja. Singida! Wanaume walitazamana, wakanawa mikono, wakala ugali wa mtama kwa dengu na mlenda. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama hata supu haipo. Mkewe alimfinya.

Kaka Kirit aliniuliza nyuzi zile ni za nini. Nilimweleza. Alitazama sahani yake, halafu akalia mbele za watu, yeye asiyelia. "Hawakumbadilisha," aliniambia. Kisha akasimama, akamwendea Mzee Ntandu, akaomba jembe.

Majivu tuliyagawa. Sehemu moja imekwenda India, mtoni, kama alivyotaka yeye. Nyingine mwanao aliivulia viatu, akaingia nayo shimoni, akaiweka kwa mikono yake. Alisoma sala yetu yote bila kuifupisha. Shehe alisimama pale, katekista naye alisimama pale, wakasubiri amalize. Halafu Kaka akafukia kwa jembe lako hadi viganja vikamchubuka, na vijana walipotaka kumpokea jembe alikataa. Sijawahi kujivunia kuwa wa nyumba hii kama saa ile, wala kuwa wa mtaa huu.

Amesharudi Uingereza. Wiki hii alinipigia akicheka. Amewaambia kazini kwamba jina lake ni Kirit na walijifunze, na dengu zake ameanza kuzipeleka tena. Wananung'unika. Anakula.

Jana tumemzika shemeji yake Mzee Ntandu. Walikuja dukani kuchukua jembe lako, nikasema hapana, nalipeleka mwenyewe. Nililibeba begani hadi makaburini, nikalikabidhi, nikapita kwako kukuondolea majani, ndipo nikaenda kwa wanawake jikoni. Sufuria lenye uzi mwekundu lilikuwa limeshabandikwa. Mama Neema alinisogezea kigoda.

Basi pumzika, baba yangu, mtoni kule na udongoni huku. Jembe lile sitaliuza kamwe, na halitakosa msiba wa mtaa huu maadamu niko hai. Na safari hii hakuna atakayekosea. Nimeshamwambia Mzee Ntandu, nimemwambia na Mama Neema, mbele ya watu: siku yangu ikifika nichomwe kama baba, halafu wanichimbie.

Binti yako,
Hansa