Mashine Ikipona

Jumatatu, 4 Agosti 1952

Mkaa mbichi tena, na injini yetu hula gesi ya mkaa. Gesi nyepesi asubuhi yote, injini inakohoa. Nimefungua pipa la kuoshea gesi na kutoa lami kwa upawa wa zamani. Milango yote wazi, maana gesi hii haina harufu na haibishi hodi. Kufika saa nne ikavuta vizuri.

Mchana ikaanza kugonga. Si kila mzunguko. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha krenki, sikio kwenye mpini. Tok. Kimya. Tok. Beringi kubwa hiyo.

Veronika alikuwa akiiita injini hii mke mwenzake. Nikiamka alfajiri ananisukuma: "Haya, nenda kwa mwenzangu, asije akanuna." Tulimzika mwezi wa sita, kichomi. Sasa najiamsha mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Tumeisimamisha na kuifungua. Madini meupe ya beringi yamepasuka, yanabanduka kama ganda la yai. Bwana meneja kasimama mlangoni na kofia yake, akauliza itachukua muda gani. Nikasema sijui. Kweli sijui.

Injini ikilala, korona, mashine ya kusaga mkonge, inalala, na mkonge uliokatwa unaozea kwenye matoroli. Wakataji wamerudi kambini, kadi ya kipande haikutiwa alama, na bila alama hakuna mshahara. Hakuna injini nyingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Shemeji Prosper ameshuka kutoka Kinole. Ndiye kaka mkubwa wa Veronika. Kaleta magimbi na ndizi, akamweka mwanangu Fausta mapajani, akamtengenezea gari la ganda la mgomba. Halafu Fausta alipotoka kucheza, akasema alichokuja kusema.

Ni wakati wa kuondoa matanga. Siku hiyo Fausta abaki kule kwa bibi yake. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Mimi ni Mluguru, sihitaji kufundishwa.

"Lakini lazima umkabidhi wewe, shemeji, kwa mkono wako. Hatukuharakishi. Mashine ikipona, panda naye."

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Akaona uso wangu. "Na wewe si una wapwa zako?"

Ninao. Watoto wa dada yangu, kule Matombo. Likitokea neno juu yao naitwa mimi, si baba yao. Sikuwahi kujiuliza baba yao huwa amekaa wapi wakati huo. Leo nimejiuliza.

Fausta ana miaka sita. Sitaki wapwa. Namtaka Fausta.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumemimina beringi. Ganda la shaba lazima lipate moto kwanza, na madini meupe yamwagwe kwa mkono mmoja bila kusita. Ukisita yanaacha mshono, na mshono ndio utakaopasuka. Sikusita.

Aliyenishikia koleo ni Maganga, mchochea moto wa tanuru la gesi. Mnyamwezi, mtani wangu. Habari ya Fausta imeshamfikia.

"Ninyi Waluguru watu wa ajabu. Mtu anazaa, anabembeleza, anafuta makamasi, halafu anakuja dume jingine linasema, huyu wangu. Kwetu hata kuku hapokonywi hivyo."

"Kwenu kuku mlikuwa nao lini? Mngekuwa nao msingebeba mizigo ya watu hadi pwani."

"Tulibeba. Lakini jioni tulikuta watoto wetu nyumbani."

Nilicheka mwanzoni. Kisha ikabidi nitoke nje.

Jumanne, 12 Agosti

Kukwangua. Kazi ya polepole kuliko zote. Unapaka krenki masizi na mafuta, utando tu. Unafunga beringi juu yake. Maganga na mimi tunalizungusha gurudumu kubwa, kidogo tu, kwa nondo. Unafungua. Palipo na weusi ndipo palipoinuka, unapakwangua kwa kikwangulio chembe chembe. Unapaka tena. Mpaka weusi uenee kila mahali kama madoa ya kanga, ndege, si vazi.

Hakuna mtu shamba hili anayeweza kutazama beringi akajua imekaa au bado. Ni mimi tu. Wazo hili limenijia mkononi kabla ya kunijia kichwani. Mkono ulisimama wenyewe.

Alhamisi, 14 Agosti

Beringi imekaa. Imekaa tangu jana mchana.

Bwana meneja amekuja. Nikasema bado. Akatikisa kichwa akaondoka.

Nimeendelea kupaka na kufungua. Nakwangua hewa. Jioni nimemkuta Fausta anacheza mlangoni, nikamwosha miguu. Ana kovu kwenye kisigino, alikanyaga kigae cha chungu siku Veronika alipokuwa anatwanga. Veronika alilia kuliko yeye. Nilikishika kisigino kile muda mrefu hadi akaniuliza kama kina uchafu.

Siku moja zaidi. Ndivyo nilivyojiambia. Nilijiambia hivyo hivyo jana.

Ijumaa, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Misa asubuhi, kisha kazini. Maganga amesimama na nondo yake muda mrefu bila kuiweka.

"Mtani, beringi hiyo unaikwangua au unaipapasa?"

Kumbe naye ana macho. Najua hatasema kwa meneja. Akaenda kukaa karibu na tanuru lililozimika, kama mtu aliyekaa kwenye kaburi la ndugu.

Nikachukua kikwangulio tena. Nikaondoa mahali palipokuwa pazuri. Nilipofunga na kutikisa nikasikia ulegevu, mdogo, kama jino la mtoto. Nimeiharibu kidogo. Nikikwangua tena nitaiharibu kabisa. Nimekiweka chini.

Jioni kwa Mama Zuhura, jirani anayenishikia Fausta nikiwa kazini. Mume wake ni mkataji. Chungu chake kilikuwa na majani ya maboga matupu. Bakuli la kwanza akampa Fausta, kama kila siku. Wanawe walisubiri. Nikamwambia leo mtoto atakula kwangu. Akakasirika.

"Baba Fausta, usinitukane. Mtoto wa marehemu hawezi kula mwisho kwangu. Wewe kaponye tu mashine yenu hiyo, sisi tutangoja."

Nilishindwa kumtazama.

Kabla ya kulala Fausta amesali. Baba Yetu, Salamu Maria, raha ya milele kwa Mama. Halafu akaongeza mwenyewe: "Na mashine ya Baba ipone." Nikamwuliza kwa nini ameomba hivyo. Akasema Mjomba amemwambia ikipona watapanda mlimani, na bibi ana mbuzi mwenye watoto wawili.

Anataka kwenda. Sikuwa nimelifikiria hilo.

"Inaumwa kama Mama?" akauliza.

"Hapana. Hii itapona."

Nimeshasema. Siwezi kumdanganya mtoto aliyepiga magoti.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimepunguza vibati vya shaba vinavyokaa kati ya nusu mbili za beringi, ulegevu ukaisha. Nikapaka masizi mara ya mwisho. Yameenea. Nikakwangua pale palipobaki, nikasimama pale pa kusimama. Maganga ananitazama tu. Nikamwambia, "Lete mkaa mkavu." Akaondoka mbio kama kijana.

Kisha kompresa. Ndiyo inayojaza chupa ya upepo, na bila upepo gurudumu lile haliwezi kuanza, hata uite kijiji kizima. Sindano ya geji ilipanda ikarudi, ikapanda ikarudi. Vali inavuja. Sikuichezea mimi. Nilisimama nikiitazama sindano ile na moyo ukaruka kwa furaha. Nauandika ukweli: kwa furaha. Hapa ningeweza kupata wiki nzima, na bila uongo.

Nimeitoa vali, nimeisaga kwa mafuta na unga wa msasa hadi uso wake ukawa kama kioo. Mikono inaniuma. Sindano imepanda na kukaa.

Jumatatu, 18 Agosti

Imewaka.

Maganga aliwasha tanuru mapema, akajaribu gesi kwenye kibomba. Mwali wa samawati, safi. Nikaliweka gurudumu mahali pake, nikafungua upepo. Likajivuta mara moja, kwa uzito, mara ya pili, kisha gesi ikashika. Hakuna tok. Niliweka bisibisi na sikio. Hakuna. Wakataji walipiga vigelegele kama wanawake. Korona ikaanza kula mkonge.

Bwana meneja akanipa mkono. Akanipa ruhusa hadi Alhamisi.

Nimefunga nguo za Fausta. Ni chache. Nimeongeza kanga moja ya mama yake.

Jumanne, 19 Agosti

Tumepanda toka Bigwa kabla jua halijawa kali. Fausta kwa miguu sehemu kubwa. Penye mawe nilimbeba mgongoni, akawa anahesabu vijito. Alikuwa na furaha. Aliimba. Mimi nilikuwa natembea polepole, naye ananihimiza: "Baba, twende bwana, giza litatukuta."

Watu wamejaa kwa mama mkwe. Wazee wa ukoo wamekaa kwenye mikeka. Wakaniita. Nikaushika mkono wa Fausta nikauweka kwenye mkono wa Prosper, nikasema maneno yanayosemwa. Sauti ilitoka. Fausta alitutazama wote wawili, kisha akauliza mbuzi yuko wapi. Wakacheka. Akaenda.

Aliyelia ni Prosper. Alilia mbele ya watu, mtu mzima, akinishikilia bega. Sikuwa na chozi. Nilikuwa kama tanuru lililotolewa mkaa.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeamka kabla ya wote. Nikasimama ukingoni mwa uwanja, bonde lote chini ni ukungu. Nilijua saa hiyo Maganga ameshawasha. Nikasikiliza. Asubuhi tulivu, mlio wa injini huenda mbali.

Mama mkwe alitoka na ufagio. Akageuza uso pembeni, kwa heshima ya mkwe, akaniuliza hivyo hivyo ameelekea ukutani: "Unasikiliza nini, baba?"

"Injini yetu."

"Hapa haisikiki. Mlima umekinga. Hapa ni mto tu."

Nilikuwa nimepanga nimwamshe Fausta, nimwambie awe anasikiliza mlio ule kila asubuhi, ndiye baba yake huyo. Sikumwamsha. Amelala na binamu zake watatu, mguu wake juu ya tumbo la mmoja. Nimeshuka.

Jumapili, 24 Agosti

Injini salama. Jana niliweka kiganja kwenye beringi, vuguvugu tu. Mkaa mkavu. Kompresa inajaza chupa bila kuvuja.

Mvua kidogo usiku, si ya msimu.

Nimekwenda misa. Baada ya misa Padri amesimama na mimi kivulini, akaniuliza, mtoto hajambo? Nikamwambia hajambo.

Ni kweli. Hajambo.