Jiko la Kinondo Limebaki

Alhamisi. Asubuhi mvua ya kuchapa, mchana jua kali. Nimerudi nyumbani na tope viatuni na moyo mkunjufu.

Leo nimesimama imara. Niliandike hilo kwanza.

Kazi yangu ni kukaa kati ya wawekezaji na watu wanaotaka kujengewa. Kule Kinondo nina familia kadhaa zilizoamua kuishi pamoja: kila mtu na mlango wake, lakini ua mmoja na jiko moja kubwa la kupikia na kulia wote. Mwekezaji wetu, Bwana Salim, ni mtu mstaarabu. Ila leo amekuja kiwanjani na ramani mpya.

Jiko halimo. Mahali pake pana nyumba mbili za kuuza.

"Siku hizi kila mtu na jiko lake," akasema. "Hilo la pamoja atalitumia nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kumjibu, lakini Bi Mwanasha, mmoja wa watakaohamia hapo, muuguzi mstaafu anayeishi peke yake, akaomba kusema. Akaeleza jinsi alivyoteleza bafuni akavunjika nyonga, akalala sakafuni tangu alfajiri hadi alasiri.

"Majirani walipiga hodi. Nilijaribu kuitika, sauti haikutoka. Wakadhani nimetoka, wakenda zao. Kwenye jiko la pamoja, Bwana Salim, nisipoonekana asubuhi nitauliziwa."

Bwana Salim akainamisha kichwa. Hapo nikamwambia, kwa adabu lakini bila kutetemeka, kwamba pasipo jiko hakuna atakayetia saini mkataba.

Akakizunguka kiwanja chote peke yake. Aliporudi akasema, "Haya, jiko libaki. Lakini nanyi nikubalieni nyumba moja zaidi upande wa barabara."

Tukapeana mikono.

Wakati wa kuagana nikamwambia Bi Mwanasha kwaheri. Akaitika, kisha akauliza, "Na wewe mwanangu, nyumba yako ni ipi hapa?"

Nikacheka tu. Tangu talaka nakaa Ukunda, ghorofa ya pili, na jirani tunayegawana naye ukuta simjui hata jina. Nawahangaikia watu wapate ujirani, mimi mwenyewe sina jirani.

Kama nitahamia Kinondo, bado sijui.

Lakini jioni hii nimepanda ngazi, nikaupita mlango wangu, nikapiga hodi mlango wa pili.

Anaitwa Saumu. Kesho nitampelekea mahamri.