Kiwanja Namba 64

Jumatatu, 7 Oktoba 1974

Rejista moja, makarani watatu. Foleni ya wanaohamia kijijini imefika zizini. Mimi naandika, Mayala anavuta kitabu upande wake, Thomasi amesimama na kalamu kama anayengoja kupakuliwa chakula. Mmoja akigawa kiwanja, wawili wanaduwaa.

Ndugu Faki ameletwa kutoka Bariadi kutuharakisha. Shati limepigwa pasi mpaka mikono. Hajawahi kupanga hata mstari wa mahindi, sasa anapanga kijiji. Akasema dawa ni rahisi: nakala tatu, kila karani na kitabu chake, jioni tunalinganisha.

Nikamwambia tutagawa kiwanja kimoja mara mbili. Bora kadi. Kila kiwanja na kadi yake, zote kwenye kasha moja katikati ya meza. Karani akishika kadi, mwingine haikuti kashani, basi hawezi kukigawa. Tunafanya kazi wote watatu bila kugongana.

Akacheka. Ati, "Justina, ofisini tumekuja kucheza karata?" Mayala naye akacheka. Huyo hucheka mkubwa akicheka, hata kama hajasikia kilichosemwa.

Jumatano, 9 Oktoba

Jana tumenakili mpaka vidole vikafa ganzi. Leo nakala tatu mezani. Familia tisini na mbili kwa siku! Faki ameandika ripoti kabla hata ya chai.

Jioni, kulinganisha — Mayala kaenda kuangalia ng'ombe wake. Thomasi anaumwa tumbo, kama kila jioni. Faki akasema kesho.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kesho imekuwa kesho tena. Ningeweza kulinganisha mwenyewe. Sikufanya. Si kazi yangu kufagia nyuma ya wanaume watatu. Waache wajikwae, ndipo watajua nani alisema nini.

Jumanne, 15 Oktoba

Wamejikwaa.

Mama mmoja mjane, Milembe, kashuka kwenye lori na watoto wanne, kuku, na miti ya nyumba yake ya zamani upande wa Sola. Alhamisi nilimwandikia mwenyewe kiwanja 64, akarudi kufungasha. Leo kakuta mzee Shigela keshasimamisha nguzo hapo. Shigela ana hati ya 64, kaandikiwa na Mayala Jumatano. Hati zote mbili zina muhuri. Zote mbili ni halali.

Shigela hakufoka. Alisema, "Mimi sigombani na mayu, mama huyu. Lakini nguzo sing'oi. Nyumba yangu ya kule mmeshaivunja."

Faki: wagawane. Ekari moja, watu kumi na tatu ukihesabu na wa Shigela. Akili za huyu mtu!

Milembe alitaka tu kuonyeshwa jina lake kitabuni. Hajui kusoma. Nikaliwekea kidole. Akalitazama sana.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua imeshika. Milembe na watoto wako kwenye ghala la pamba, juu ya magunia. Mdogo anakohoa, kifua kinakoroma. Nimempelekea uji. Ananishukuru kupita kiasi.

Leo nimelinganisha vitabu, peke yangu. Viwanja kumi na kimoja vimegawiwa mara mbili. Vitano, mwandiko wa pili ni wangu. Nilihesabu tena nikitumaini ni wa Mayala.

Saa nne Faki kasimama mbele yetu: "Nimefikiria. Tutumie kadi."

Nimefikiria!

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimekata makaratasi ya sabuni, kadi mia mbili na arobaini. Foleni imekwenda, hakuna aliyegongana na mwenziwe siku nzima. Ofisa mmoja wa wilaya kapita, Faki akamwonyesha kasha kama aliyelizaa. Kadi yenyewe Faki kaishika kichwa chini. Ofisa akamsifu.

Sikufurahi hata kwa hilo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Uamuzi wa Faki: aliyeandikwa kwanza anabaki. Kumi wamekubali, hawakuwa wamejenga. Milembe amepewa 203, kule chini mbugani. Udongo mweusi, maji yamesimama mpaka vifundoni. Trekta imekuja kumchukua.

Faki kanituma nikamwambie. Na nimwambie Mayala ndiye aliyekosea, maana Mayala ni mtu wa hapahapa, watamsamehe.

Nilitoka nikiwa na maneno hayo mdomoni. Alikuwa amekaa juu ya miti yake, mtoto mgongoni. Nikasema, "Mayu, wa kwanza alikuwa Shigela. Ni mimi niliyekuandikia juu yake. Ni mwandiko wangu."

Kamkaza mtoto mgongoni. Halafu: "Kwenye kitabu chako, siku ile, palikuwa na mtu?"

"Hapakuwa."

"Basi hukunidanganya."

"Vitabu vilikuwa vitatu. Nilijua vinaweza kupishana. Sikuangalia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Alimteremsha mtoto mgongoni, akamlaza mapajani, akamfunika na ncha ya kitenge. Dereva akamwita apande. Hakugeuka, wala hakuinuka juu ya miti yake.

Nimerudi ndani, naandika haya kwenye nakala yangu ya zamani, haina kazi tena. Namwona dirishani. Trekta inanguruma. Shigela kaacha kukandika ukuta, kaja kasimama karibu naye, mikono imejaa udongo. Faki ananiuliza kama nimeshamweleza yule mama. Nimesema ndiyo. Ananiuliza mbona hapandi. Naweka kalamu, nimwambie nilichomwambia Milembe.