Jani la Ng'ambo

Jumatano, 3 Septemba

Siku ya mnada. Nimekata tumbaku tangu alfajiri, nimeichekecha, nimeitia majivu, nimejaza mikebe. Kufika adhuhuri yote imekwisha. Wazee wa ng'ombe wamekuja mmoja mmoja, kila mtu na kimkebe chake, na hakuna anayeuliza swali. Waulize nini? Tangu nirithi meza hii sijarudishiwa tumbaku hata na mmoja. Nasema bila haya, Garissa nzima hakuna anayenishinda kuchanganya tumbaku ya kutafuna. Mama alinifundisha, nami nikampita. Angekuwa hai angekubali, ingawa shingo upande.

Kinachonisumbua ni gunia. Limebaki la chini chini. Jani langu linatoka shamba moja tu, ukivuka mto pale Masalani, kwa Mzee Komora. Jeusi, nene, limeota kwenye tope la mafuriko. Kali lakini halichomi. Mzigo ulikuwa uje wiki jana. Kimya.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempigia Abdi, mtoto wa kaka yangu, mwenye bodaboda Masalani. Nimemwambia avuke akaangalie. Jioni amenipigia.

"Eedo," ndivyo anavyoniita mimi shangazi yake, "tumbaku hakuna. Kuna tikiti."

Wana wa Mzee Komora wameng'oa yote. Baba yao hawezi tena kuinama, na lori la tikiti linawafuata hukohuko shambani. Mbegu je? Hawakuweka. Hata ya kutia kwenye ukucha.

Nimewaka. Baadaye nikajiambia shamba ni lao, wapande wanachotaka. Hasira haikusikia.

Jumamosi, 6 Septemba

Jani la Meru. Safi, rangi nzuri, limekunjwa vizuri. Nimetia kidogo shavuni. Nyasi. Nimengoja ukali uje, haukuja. Nimetema. Hii ni ya kuwapa mbuzi.

Jumatatu, 8 Septemba

Jani la Moyale. Hili nalo limenitoa machozi. Koo limeniwaka mpaka nikashindwa kuitikia salamu ya jirani yangu Mama Fatuma, muuza maziwa ya ngamia, akadhani nimemnunia. Nimechanganya nusu Meru, nusu Moyale. Linatisha kidogo tu sasa. Siwezi kusema ni zuri. Nimelifunika nikijiambia litapoa.

Jumatano, 10 Septemba

Mnada tena. La zamani limekwisha asubuhi. Waliochelewa nimewaambia warudi wiki ijayo. Wamenishangaa. Hawajawahi kusikia neno hilo kwangu.

Kisha amekuja Mzee Dubow wa Kotile. Huyu si wa kurudishwa mikono mitupu. Kesho anakaa kikao na ukoo wa Mzee Gedi. Vijana wa pande mbili walipigana kwenye silanga, bwawa la mifugo, wakigombania nani anyweshe kwanza, na kijana mmoja wa upande wa Gedi amevunjwa mkono. Tangu siku hiyo maji yanalindwa kwa fimbo na ng'ombe wa wote wanakonda. Kikao kama hicho hakianzi bila tumbaku. Upande mmoja unafungua mkebe, upande wa pili unachota. Ukichota umesema uko tayari kusikiliza.

Nimemjazia ule mchanganyiko. Ameuliza kama ni ileile. Nimemjibu, "Mzee, mimi nauza yangu tu." Amecheka, ameondoka. Sikumdanganya. Kweli pia sikumwambia. Nilikuwa naona vibaya kutamka kwamba yangu imekwisha.

Ijumaa, 12 Septemba

Abdi amenipigia baada ya swala. Kwa sauti yake tu nikajua.

Mzee Dubow alifungua mkebe. Mzee Gedi alichota, akatia mdomoni, akakohoa mpaka kofia ikaanguka, kisha akatema mchangani mbele ya watu wote. Kutema tumbaku ya mwenzako kikaoni! Upande wa Dubow wakasimama, wakisema wametemewa usoni. Upande wa Gedi wakasema wamelishwa sumu. Kila mtu na fimbo yake. Wazee wa Sangailu waliokuja kusuluhisha ndio waliowatenganisha. Kikao kimeahirishwa hadi Jumanne ya tarehe ishirini na tatu, na safari hii kikivunjika hakitaitishwa tena.

Tumbaku yangu. Mkono wangu.

Jumamosi, 13 Septemba

Sikufungua meza. Nimekwenda tu kununua maziwa. Mama Fatuma alikuwa anafukiza mitungi yake, kama afanyavyo kila siku. Kaa la moto la mti wa kufukizia ndani ya mtungi, kifuniko, anatikisa, anamwaga majivu. Nimepita mahali hapo maisha yangu yote bila kunusa. Leo nimenusa.

Moshi ule ndio wa kwanza kinywani mwa kila mtu wa huku. Mtoto anaupata kwenye maziwa kabla hajajua kusema. Hao wazee wanaotema jani la Moyale wamenyonya moshi huo utotoni. Nimesimama pale mpaka Mama Fatuma akaniuliza kama nimelogwa.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemwomba mama mkwe chombo chake cha zamani, kile cha kusukwa alichokuja nacho akiwa bibi harusi. Amenitazama kama ninayemwomba figo. Nimemwambia ni cha tumbaku. Akanitazama zaidi. Mwishowe amekitoa, akasema nikikiharibu nisirudi kula kwake. Nimekifukiza, nimekung'uta makaa, nimeviringisha jani la Moyale likiwa na unyevu kidogo, nimelifungia ndani. Jani la Meru nimeliacha nje. Lisubiri.

Jumatano, 17 Septemba

Nimefungua. Harufu ya jikoni lililoungua. Nimezidisha moshi. Nimetafuna hivyo hivyo, ukali umepungua kweli, lakini ulimi umebaki na masizi. Mnada umepita nikiwa sina cha kuuza. Mwenye meza ya pili, yule anayeuza vumbi na kuliita tumbaku, ameuza hadi ya mwisho. Alinipungia mkono. Sikumpungia.

Nimeanza upya. Kaa moja badala ya matatu. Na majivu ya kuchanganyia nimepunguza, maana moshi nao una ukali wake.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo limekubali.

Nilijua kabla ya kuonja. Jani limekuwa jeusi kuliko lilivyoingia, laini, linakunjika bila kuvunjika. Nimelikata na Meru kidogo, sehemu ndogo tu, ya kulituliza. Shavuni linaanza polepole. Linapanda. Linakaa. Halichomi. Mwishoni kuna kitu kama utamu, kwa mbali.

Si la Mzee Komora. La Mzee Komora lilikuwa na tope la mto ndani yake, hili lina moshi wa nyumbani. Ni jingine. Ni zuri.

Lakini mimi ni mama yake, nitalisifu tu. Nimempelekea mama mkwe. Huyu ametafuna tangu kabla sijazaliwa, na tangu niolewe hajanisifia hata chai. Ametia mdomoni. Amefumba macho. Nimeosha vyombo vyote, nimefagia, yeye bado anatafuna. Ametema alipokuwa tayari, amepangusa midomo, kisha amenyoosha mkono akaniambia nimwongeze.

Nimetoka nje ili asione ninavyotabasamu.

Jumatatu, 22 Septemba

Niko Kotile, kwa dada yake Abdi. Nimekuja na gari la mizigo, nimekaa juu ya magunia ya unga nikiwa nimepakata tumbaku. Ningeweza kuituma. Sikutaka iongelewe na mdomo wa mtu mwingine.

Nimepita karibu na silanga. Vijana wa huku upande huu, wa kule upande ule, fimbo magotini. Ng'ombe wamesimama katikati wakinusa maji. Mifupa unaihesabu kwa mbali. Nimeogopa. Nimeogopa hasa.

Jumanne, 23 Septemba

Naandika haraka kabla gari halijaondoka.

Mwanamke hakai kikao hicho. Nimemtuma Abdi akaombe nisikilizwe kabla hawajaanza. Wamenong'ona, mwishowe wakakubali. Nimesimama pembeni nikasema yote kwa mara moja, maana ningetua nisingeendelea. Jani la ng'ambo limekwisha, halirudi. Nililompa Mzee Dubow lilikuwa halijaiva, nami sikumwambia. Mzee Dubow hakumkosea mtu. Mzee Gedi hakumtukana mtu, alikuwa anaungua. Kosa ni langu. Hili nililoleta ni lingine, nimelitengeneza mimi, na sitawaambia ni lile la zamani.

Mzee Gedi amesema, "Mama, ya kwanza haikuniua, umeleta ya pili?"

Wengine wamecheka. Mzee Dubow hakucheka.

Basi nimefungua mkebe nikachota mimi kwanza, mbele ya wanaume wote hao, nikatia shavuni nikakaa nayo. Sijawahi kutafuna hadharani. Uso umeniwaka moto, lakini sikuuinamisha. Nimeweka mkebe kwenye mkeka, katikati, si upande wa huyu wala wa yule. Nikaaga.

Sikugeuka kuangalia nani kachota. Nilitaka sana kugeuka.

Dereva anapiga honi.

Jumatano, 24 Septemba

Garissa. Mnada. Nimewaambia wazee mmoja mmoja kwamba hili ni jani jipya, waonje kabla ya kununua. Baadhi wamenuna. Wawili wamekwenda meza ya pili. Mmoja kati yao amerudi.

Abdi hapatikani. Huko mtandao ukipotea umepotea.

Ijumaa, 26 Septemba

Abdi amepiga mchana, nikiwa nakata.

Wamemaliza jana. Ukoo wa Dubow watalipa mkono wa kijana kwa ng'ombe, na silanga watanyweshea kwa zamu, siku ya hawa na siku ya wale. Leo asubuhi alipita hapo. Fimbo hazipo. Ng'ombe walikuwa ndani ya maji hadi tumboni.

Nikamuuliza, na tumbaku? Walisemaje?

Akafikiri. Akasema hakuna aliyesema kitu. Walizungumza maji, mkono, ng'ombe, malisho, wakawa wanachota tu huku wanabishana, Gedi akichota, Dubow akichota, na tumbaku haikutajwa na mtu. Mkebe atanirudishia akija. Ni mtupu.

Nimemshukuru, nimekata simu. Nimefukiza chombo kwa ajili ya wiki ijayo.