Mama na ile skani ya kifua

Same, Jumanne jioni

Na nilishamweleza. Tangu tunashuka kutoka kijijini Chome nilimwambia mama kwamba skani ya kifua haiumi: utalala chali, mikono juu ya kichwa, ukiambiwa uvute pumzi unaishika, husogei, huongei.

Yule binti wa mashine pale hospitali ndiye aliyeniudhi. Alisema kwenye spika kwa mkupuo mmoja, "Shikamoo mama, vuta pumzi, shika." Nani anamwamkia mtu mzima asisubiri aitikiwe? Mama alivuta pumzi, kisha akaitoa yote: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Picha ikaharibika. Ya pili ikaharibiwa na kikohozi. Ya tatu ndiyo ikakubali.

Daktari aliitazama muda mrefu, akasema turudi wiki ijayo kuchukua majibu. Halafu akamwamkia mama shikamoo, na asubuhi alikuwa ameshamwamkia.

Tangu tutoke hospitali mpaka tumefika hapa Same, mama anamsifu tu daktari kwamba amelelewa vizuri. Mimi pale nilikuwa namwangalia daktari usoni. Alikuwa anatafuta cha kumwambia mama, akakosa.

Na mimi nimekaa naye hapa tangu saa kumi na moja, nimekosa.