Anakunywa Kama Samaki

Grimsby, Februari

Dada Gunnvor mpenzi,

Soksi ulizonifumia zimefika na zimenienea. Huku Uingereza ni mvua tu, na samaki wanamkaanga na unga mpaka humtambui.

Kiingereza bado kinanitoa jasho. Juzi muuza samaki aliniambia, "Mumeo anakunywa kama samaki!" Unajua kwetu Norwei mlevi hunywa kama sifongo, na anayefananishwa na samaki ni mwenye afya tele. Nikadhani Cyril ameacha pombe, anakunywa maji tu, nikarudi nyumbani nacheka peke yangu.

Jumapili mezani nikampasha habari mama mkwe: "Cyril wetu siku hizi anakunywa kama samaki!"

Cyril akasema, "Unaniaibisha mbele ya mama yangu?" Akachukua koti lake, akatoka.

Mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu, maana yake ni mlevi. Hukujua?"

Nilikuwa nimefurahi kweli, dada.

Cyril hajarudi. Mama usimwambie. Wewe niambie tu, kile kitanda changu cha dirishani hapo nyumbani, kuna anayekilalia?

Mdogo wako,
Ragnfrid